Mama Aliyekusanya Kila Unywele

Mimi sipendi kuangaliwa mikono ninapofanya kazi. Wateja wangu wa Mabatini wanalijua hilo. Ukikaa kwenye kiti changu angalia kioo, chezea simu, sinzia ukitaka, ila mikono yangu iache. Mimi ni Mhaya, maringo ninayo ya kuzaliwa, na kazi hii naijua. Sitii mtu dawa. Anayetaka nywele zilale kama zimepigwa pasi, saluni ziko tele hapo chini barabarani. Kwangu anakuja aliyechoka kuungua kichwa, na jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba hana nywele ngumu, ana nywele zenye kiu. Zipe maji, zipe mafuta, zichambue kwa vidole kabla ya chanuo, anzia nchani urudi kwenye shina, na usiwe na haraka. Siri yote ndiyo hiyo, na bado watu wanakuja.

Sasa mama huyu aliingia Jumatatu asubuhi, siku ambayo napokea watu wa miadi tu, na kabla hata sijamkaribisha kiti akasema, "Dada, samahani. Mimi nitasimama hapa karibu na mkono wako."

Jina lake Bernadeta. Alikuwa amevuka na kivuko cha asubuhi kutoka Kamanga, na nyuma yake alisimama binti mrefu, msichana wa miaka ishirini hivi, amevaa mikono mirefu, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, na juu ya mtandio kofia ya ukingo mpana. Binti akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikawafungia mlango wa mbele kama walivyoniomba kwenye simu. Ndipo akavua kofia, akavua mtandio.

Evelina ana ualbino. Binamu yake ni mteja wangu na alishaniambia, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Nywele zilikuwa za urefu wa kidole, nzito, zimejikunja vipete vidogo vidogo toka kwenye ngozi mpaka nchani, rangi yake kama ndevu za mahindi mabichi. Hazijawahi kuguswa na dawa wala moto. Vidole vyangu vilianza kuwasha kwa hamu.

"Ni mara ya kwanza kuwa nazo," Bernadeta alisema. "Tangu azaliwe namnyoa mwenyewe, kila Jumamosi. Nanyoa, nakusanya, natia kwenye jiko, nasimama pale pale mpaka ziishe zote."

"Nimeziacha tangu nimalize mtihani wa kidato cha sita," Evelina akasema taratibu. "Nimepata nafasi chuo cha ualimu, Morogoro. Nataka kwenda nazo."

"Nami nimemwambia hivi." Bernadeta alinigeukia. "Twende kwa huyo dada, nione kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Nikiona nywele zinaweza kutunzwa bila hata moja kupotea, ataenda nazo. Nikiona haiwezekani, wewe utamnyoa leo leo, hapa hapa, na atakwenda chuoni kama alivyokuwa siku zote."

Evelina alikuwa akiangalia sakafu. Hakubisha, na nikajua kwamba ubishi walishaumaliza nyumbani.

Mtu wa Kanda ya Ziwa sina haja ya kumweleza kwa nini mama anachoma nywele za mwanawe. Kwa asiyejua, wapo wajinga wanaoamini kuwa unywele wa mtu mwenye ualbino ukifungwa kwenye nyavu, samaki watajileta wenyewe. Wapo walioamini mabaya zaidi ya hayo, na kuna watu wako kaburini kwa sababu hiyo. Lakini mimi nilikuwa nikijiambia kwamba mambo hayo yamepita, au yako huko mbali visiwani, si hapa mjini kwa watu wenye simu za kupangusa. Kwa hiyo Bernadeta alipotoa shuka jeupe kwenye mkoba na kulitandika sakafuni kuzunguka kiti changu chote, niliudhika.

"Mama Evelina, hapa si porini," nikamwambia.

"Najua, dada," akasema, na akaendelea kunyoosha pembe za shuka.

Nikaanza kazi. Nililowesha nywele fungu moja moja, nikapaka ute wa bamia niliouchemsha asubuhi na kuuchuja, nikaingiza vidole. Nywele za mtu yeyote hudondoka zinapochambuliwa, hilo ni la kawaida, zilishakufa zikawa zimeshikiliwa na nyingine tu. Kila unywele uliponasa kidoleni kwangu, mkono wa Bernadeta ulikuwa umeshafika, anauchukua, anaulaza kwenye kitambaa alichokuwa amekikunjua kiganjani. Alinitazama kama mwenye duka anavyomtazama mtoto aliyesimama karibu na boksi la pipi. Nilivumilia, nikavumilia, mwishowe nikashindwa.

"Unadhani mimi mwizi?"

"Hapana, dada. Wewe nakuamini." Hakuondoa macho kwenye chanuo. "Ni dunia ndiyo siiamini."

Nikainama tena kwenye kazi. Na nilipoinama ndipo nikaona ngozi ya kichwa. Utosini na juu ya masikio palikuwa na madoa na makovu ya kuungua, mengine ya siku nyingi, mengine bado mekundu pembeni. Huyu mtoto alikuwa ametembea na kichwa kitupu juani miaka yote, kofia ikisahaulika au ikipeperuka au mwalimu akisema ivuliwe mstarini. Wembe ulimkinga na watu, ukamwacha kwa jua. Mama aliyafahamu makovu yale kuliko mimi, yeye ndiye aliyekuwa akiyapitishia wembe.

Nikamweleza Evelina kwamba sitamsuka mistari. Mistari huacha njia za ngozi wazi, na jua lingepita humo humo. Nitamsokota misokoto minene kiasi, nyuzi mbili mbili, bila kuchora njia za kuonekana, ili nywele zenyewe ziwe kivuli. Akaitikia kwa kichwa. Tukaenda uani kumsuuza, na maji yote ya beseni tukayachuja kwenye kitenge kabla ya kuyamwaga, mimi nimeshika upande huu, Bernadeta upande ule, kama watu wanaochuja togwa. Nilitaka kucheka, lakini nikaangalia uso wake nikaacha.

Tuliporudi ndani Evelina aliomba kioo cha mkononi. Haoni mbali, kwa hiyo alikisogeza mpaka pua ikakaribia kukigusa. Akachukua kipete kimoja pale kwenye paji la uso, akakivuta hadi kikafika puani, akakiachia. Kikaruka kikarudi mahali pake. Alicheka. Akakivuta tena, kikarudi tena, naye akacheka tena kwa sauti kubwa zaidi, kama mtoto aliyepewa kitu chake mwenyewe. Bernadeta aligeuka akawa anatazama ukuta, na ukuta wangu hauna kitu cha kutazama.

Hapo ndipo mlango wa uani uligongwa na Mama Nkwabi akaingia.

Mama Nkwabi ni mteja wangu tangu nilipofungua saluni. Ana boti ya dagaa, na mlango wa uani ni wake kama ulivyo wangu. Nilipolazwa hospitali mwaka fulani, yeye ndiye aliyeniletea uji, na tunasali jumuiya moja. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwambia apitie Jumatatu. Bernadeta alipomwona akamrushia mwanawe mtandio kichwani haraka hata kioo nusura kianguke.

"Huyu ni mtu wangu, Mama Evelina," nikasema. "Huyu ni kama dada yangu, nasali naye."

"Mwangaluka!" Mama Nkwabi akamsalimia kwa Kisukuma chake kipana, na Bernadeta, apende asipende, akaitikia. Wakaulizana kwao, ikaonekana wote wana ndugu upande ule wa Sengerema, na nani kamzika nani wote wawili walijua. Mabega ya Bernadeta yalishuka kidogo. Nikampaka Mama Nkwabi mafuta ya moto, nikamfunga mfuko wa plastiki kichwani yaingie vizuri, nikamkalisha kwenye benchi. Yeye akamwangalia Evelina akasema, "Mungu amekupendelea, mwanangu. Nywele gani hizi jamani!" Na alisema kwa moyo wake wote, mimi namfahamu.

Nilikuwa nimeshasokota upande mmoja wa kichwa simu ya Bernadeta ilipoita. Mumewe. Ndani mtandao wangu ni wa kubahatisha, akaenda kusimama kwenye mlango wa uani. Kile kitambaa alikiacha kwenye meza yangu, kimekunjwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukiacha.

Mama Nkwabi akasogea kwenye benchi mpaka akanifikia, akanivuta kiuno.

"Koku," alinong'ona. "Hizo za kwenye kitambaa. Moja tu. Hata hiyo iliyobaki kwenye chanuo."

Sikuelewa. Kweli kabisa, sikuelewa. Nikadhani anataka kuona rangi.

"Boti inarudi tupu, mdogo wangu. Vijana wanataka kuniacha waende kwa tajiri mwingine. Kuna mtu ameniambia ukipata hata moja ukaifunga kwenye wavu..." Akanitazama kwa macho ya kuomba. "Simuumizi mtu, Koku. Si zimeshadondoka?"

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, maana Evelina aliwahi kabla yangu. Mwanamke yule alikuwa amenong'ona juu ya kichwa chake kana kwamba asiyeona mbali hasikii pia.

"Mama," Evelina akasema, "macho yangu ndiyo mabovu. Masikio ni mazima."

Hakunong'ona. Angeweza kunong'ona, jambo likaishia kwetu watatu, mama yake asijue, na nywele zake zikasalimika. Alijua alichokuwa anaweka rehani. Mlangoni Bernadeta aligeuka, simu bado iko sikioni.

"Baba yangu alikuwa mvuvi," Evelina aliendelea. "Nyavu zake zilikuwa zinalala chumba kimoja na mimi. Nilipokuwa mdogo nilizilalia, nilijifunika nazo, nilizivaa kichwani nikicheza bibi harusi. Kama kichwa changu kinaita samaki, mama, baba yangu angekuwa na meli. Nyavu zilirudi tupu kama zako. Aliziuza kwa hasara, sasa analima mihogo kwenye shamba la kukodi. Ndiye huyo anaongea na mama kwenye simu. Muulize."

Mama Nkwabi alifunika mdomo kwa khanga. Machozi yalimtoka hapo hapo, na akaanza kusema nisamehe mwanangu, sikuwa na nia mbaya, ni shida tu, nisamehe. Nami sikumwacha amalize. Nilimshika mkono nikamtoa nje kupitia uani, mfuko wa plastiki bado uko kichwani na mafuta yanamchuruzika shingoni, nikabamiza mlango. Nilimfukuza, na wakati ule ule nilimhurumia, na kwa kuwa nilimhurumia hasira ikazidi. Mtu baki angenisumbua kidogo. Huyu alininywesha uji. Mpaka leo hajarudi kwangu, wala mimi sijaenda kwake. Nitakwenda, siku hasira ikiisha.

Niliporudi ndani Bernadeta alikuwa ameshakata simu na amekamata kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Nyoa," akaniambia.

"Mama Evelina..."

"Umemwona? Huyo ni mtu wako. Wa kusali naye. Wa kuvunja naye mkate. Kikulacho ki nguoni mwako, dada, tumefundishwa hilo tangu shule. Sasa huko Morogoro atalala bweni moja na nani? Nani atamsimamia na kitambaa? Nyoa."

Ningesemaje? Dakika chache tu nyuma nilimwambia yule ni kama dada yangu. Mashine ya kunyolea ilikuwa rafuni imechajiwa, na sote watatu tulikuwa tunajua ilipo. Nilimtazama Evelina, nusu ya kichwa misokoto, nusu vipete, nikaona aibu mimi niliyejidai kwamba mambo hayo yako visiwani.

Evelina hakulia. Alimgeukia mama yake.

"Mama, nikuulize. Siku zote hizi unaninyoa, kuna usiku hata mmoja umelala usingizi kwa sababu nimenyolewa?"

Bernadeta alikibana kitambaa kifuani.

"Nakusikia ukiamka. Unakuja kushika komeo. Unarudi, unakuja tena kulishika."

"Unasikiaga?"

"Kila siku. Nywele utazichoma, mama. Na ngozi je? Ngozi utaipeleka wapi?" Akajigusa shavu. "Mimi ndiye wanayemtaka, si nywele. Nikiwa nazo au nikiwa sina, mlango nitaufunga, njia ya peke yangu sitapita, na mtu atakayenichekea sana nitamwangalia mara mbili. Wewe umenifundisha. Lakini woga utakuwepo tu. Basi acha uwepo nikiwa na nywele zangu."

Nje mtu alipita anauza mihogo ya kuchemsha, akaita, akaenda zake. Bernadeta alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeshushiwa mzigo asiotaka kuutua. Alikifungua kile kitambaa akaziangalia nywele zilizokuwamo, kidonge kidogo cha manjano iliyofifia, kisha akaanza kulia bila sauti, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, maana sijui namna nyingine. Nilimwonea huruma hata nikasahau kwamba asubuhi nzima aliniudhi. Mwanamke huyu alikuwa amemshika mwanawe kichwa kila Jumamosi tangu alipozaliwa, na kila mara ilikuwa ni kwa ajili ya kumwondolea kitu.

Baada ya muda akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Hizi zikifumuka huko chuoni, atasokota nani?"

"Mimi mwenyewe," Evelina akasema haraka. "Dada Koku atanionyesha."

"Na kisogoni? Kisogo chako utakionaje na macho hayo?"

Bernadeta akanigeukia, na safari hii hakuangalia mikono yangu, aliniangalia machoni.

"Nionyeshe unavyoshika," akasema. "Nikishajua mimi, hata huko chuoni atakayemsuka nitamkagua kama anajua. Likizo akirudi, kazi ni yangu."

Evelina aliteremka kwenye kiti kabla sijasema neno. Akakaa chini kwenye shuka jeupe, mgongo umeegemea benchi, katikati ya magoti ya mama yake, pale wanapokaa wasichana wote wa nchi hii jioni uani, wakisukwa na kusengenya. Hajawahi kukaa pale. Nikamwonyesha Bernadeta: fungu hili, ligawe mara mbili, paka ute kidogo, huu upitishe juu ya mwenzake, usikaze shinani, kaza kuelekea nchani. Mikono yake ilikuwa imezoea wembe. Msokoto wa kwanza ulifumuka alipouachia. Akarudia. Ukakaa, umepinda kidogo, mbaya kiasi cha kuniumiza moyo mimi mtu wa kazi, na nilikaa kimya kwa shida. Akachukua fungu jingine.

Sasa alikuwa amekaza macho na ulimi umejitokeza pembeni ya mdomo, na akasahau kuzitazama nywele zinazodondoka. Moja ilianguka begani kwa Evelina, ikakaa pale. Hakuna aliyeiokota.

"Aa, mama, unavuta!" Evelina akasema, akakunja shingo.

"Tulia!" Bernadeta akamgonga begani na chanuo. "Kichwa kinageukageuka nini? Mtoto gani wewe hukai mahali pamoja? Inama!"

Evelina akainama. Mabega yakaanza kumtikisika, na machozi aliyoyazuia tangu Mama Nkwabi anong'one yakamdondokea mapajani. Mama yake akadhani amemuumiza, akalegeza vidole haraka.

"Nimekuumiza? Basi, basi, taratibu."

"Hapana, mama," Evelina akasema. "Vuta tu."